Vitu 38, wiki 6 na kochi lililogoma kuondoka

Kaya yenyewe ni ya watu wanne: mume, mke na watoto wawili. Mkataba wa nyumba waliyopanga ulikuwa unakwisha, na nyumba mpya waliyoipata ilikuwa na chumba kimoja pungufu na haina stoo. Wiki 6 zilibaki. Waliamua wasikodi mahali pa kuhifadhia mizigo, bali wauze mtandaoni kila wasichokihitaji, na fedha itakayopatikana ilipie gari la kuhamia na malipo ya awali ya nyumba.

Mke alichukua daftari la shule la mtoto akaandika orodha. Vilipatikana vitu 38, kuanzia friji hadi seti ya glasi ambazo hazikuwahi kutoka kwenye boksi lake. Kila kitu alikipa mstari wake: tarehe kilipotangazwa, watu wangapi waliuliza, wangapi walikuja, kimetoka kwa kiasi gani. Ni daftari hilo linalofanya kisa hiki kichambulike. Wengi tukishauza tunabaki kukumbuka kile kimoja kilichotoka kwa bei nzuri, na kusahau jioni zilizoishia kwenye kujibu ujumbe. Wamekubali niandike habari yao bila majina wala bei halisi, kwa hiyo bei nitazitaja kwa mafungu: nusu, robo, theluthi.

Nitasema mapema ninachokiona baada ya kulipitia daftari. Sehemu kubwa ya fedha ya kuuza vitu vya ndani hupatikana, au hupotea, pale unapoamua kipi kitangazwe na kipi kisitangazwe kabisa. Picha nzuri na ujanja wa bei vina kazi yake, ila vinakuja baada ya hapo. Kaya hii iligundua jambo hilo katikati ya safari, na kuchelewa huko kuliwagharimu.

Vyote kwa mpigo

Jioni ya kwanza walitangaza vitu vyote 38. Picha zilipigwa usiku chini ya taa ya sebuleni, nyingine zina kivuli cha mpigaji, nyingine rundo la nguo za kupiga pasi nyuma yake. Maelezo yalikuwa yale tunayoyasoma kila siku: "Ipo vizuri, haina shida yoyote. Maongezi yapo." Kabla hawajalala, simu zilianza kulia.

Haya ni mazungumzo kuhusu meza ya kulia, kama yalivyo:

— Dada habari, bado ipo?
— Ipo.
— Bei ya mwisho?
— Maongezi yapo. Wewe una ngapi?
— We niambie ya mwisho.

Mke akapunguza moja ya tano. Jibu likaja: "Sawa, nakuja kesho." Hakuja. Keshokutwa akatokea mwingine, akaanza na "bado ipo", na safari hii mazungumzo yakaanzia kwenye bei iliyokwisha kupunguzwa, kwa sababu mke alishaizoea kichwani.

Watu wengi huwalaumu wateja kwa mtindo huu. Mimi nalilaumu tangazo. Ukiandika "ipo vizuri" na "maongezi yapo", umempa mteja mambo mawili tu: kwamba hakuna cha kujua zaidi kuhusu meza, na kwamba bei uliyoandika si bei. Atauliza nini kingine? Wiki ya pili mke aliliandika upya:

"Meza ya mbao, urefu sentimita 160, upana 90, na viti 6. Kiti kimoja mguu umelegea, angalia picha ya nne. Miguu ya meza inafunguliwa kwa bisibisi, inapita mlango wa kawaida. Tuko ghorofa ya pili na hakuna lifti, njoo na mtu wa kukusaidia kubeba. Tunapatikana jioni na Jumamosi mchana."

Picha mpya zilipigwa asubuhi, meza ikiwa imesogezwa karibu na dirisha. Ujumbe ulipungua sana. Lakini waliouliza sasa waliuliza saa ya kuja, na mmoja aliuliza kama kiti kilicholegea kinahitaji gundi au skrubu. Huyo ndiye aliyenunua. Sentensi ya ghorofa na lifti, ambayo mume aliona inafukuza wateja, ndiyo ninayoipenda kuliko zote: imefukuza wale ambao wangefika, wakatazama ngazi, wakaondoka.

Sisemi watu wasipatane bei. Kupatana kupo na kutaendelea kuwepo. Acha nafasi ya kama sehemu moja ya kumi juu ya bei unayoitaka, halafu nyamaza. Anayetaka kupatana ataanza mwenyewe bila kualikwa.

Mpira wa mlango wa friji

Friji lilikuwa kitu cha thamani kubwa kuliko vyote, na lilikuwa na kasoro moja: mpira wa mlango umechanika kwenye pembe ya chini, mpasuko wa urefu wa kidole. Tangazo la kwanza lilinyamaza. Mzee mmoja akaja kulitazama. Alifungua mlango, akapitisha kidole kwenye mpira kuanzia juu, taratibu, akashuka hadi pembeni chini, kidole kikasimama. Hakusema kitu kuhusu mpasuko. Alimwangalia mke, akataja nusu ya bei, na alipokataliwa akaaga kwa adabu akaondoka.

Mpira wa friji ni kitu kinachobadilishwa. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na nusu ya bei ya friji. Mbona basi mzee alikata nusu? Kwa sababu alichokuwa anakipunguza si mpira. Alikuwa anajikinga na yale ambayo kidole chake hakikuweza kuyafikia: mota, gesi, mfumo wa kugandisha. Kama wenye nyumba wamenyamazia linaloonekana, watasema lisiloonekana?

Mchumi George Akerlof aliandika juu ya hali hii mwaka 1970, akitumia mfano wa magari yaliyotumika. Muuzaji anaujua ubovu wa gari lake, mnunuzi haujui. Mnunuzi mwenye akili hatatoa bei ya gari zima kwa gari asilolijua. Wenye magari mazima wakiona bei haiwafai wanajitoa sokoni, yanayobaki yanazidi kuwa mabovu, na bei inazidi kushuka. Kazi hiyo ilimpatia sehemu ya Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001. Soko la vitu vya ndani mtandaoni ni soko hilo hilo, isipokuwa humo hata gereji ya kupeleka kitu kikakaguliwe hakuna.

Dawa ni muuzaji kutangulia kuusema ubovu. Tangazo la pili la friji lilikuwa na picha ya mpasuko kwa karibu, picha ya kibandiko cha ndani chenye namba ya modeli ili mteja aweze kuulizia mpira unaolingana, na picha ya glasi ya maji iliyolala humo usiku kucha ikiwa na kipimajoto. Friji zima linatakiwa lifike nyuzi 4 za Selsiasi au chini yake, na hili lilifika. Bei ilipunguzwa kiasi cha kununulia mpira, pamoja na sentensi inayosema hivyo. Mwisho mke aliongeza ushauri kwamba friji lisafirishwe likiwa limesimama, na kama italazimu lilazwe, likifika lisimamishwe kwa saa kadhaa kabla ya kuwashwa ili oili irudi kwenye kompresa. Lilitoka kwa bei iliyoandikwa, bila kupunguzwa hata kidogo. Aliyenunua alikuja na gari lenye kimo cha kutosha, na mpira mpya alishaununua.

Kwa wanaoogopa kwamba kasoro ikitajwa kitu hakitauzika: kampuni ya eBay yenyewe husimulia kwamba kitu cha kwanza kuuzwa kwenye mtandao wake, mwaka 1995, kilikuwa kalamu ya mwanga wa leza iliyoharibika. Ilitoka kwa dola 14.83. Mwanzilishi, Pierre Omidyar, alimwandikia mnunuzi kumuuliza kama ameelewa kuwa ni mbovu. Alikuwa ameelewa vizuri kabisa. Alikuwa akikusanya kalamu mbovu za aina hiyo.

Kochi

Hapa ndipo kaya ilipogawanyika. Kochi lilinunuliwa na mume kabla hawajaoana, kwa fedha aliyoidunduliza muda mrefu. Alitaka theluthi mbili ya bei ya dukani, na alikuwa na hoja: kitambaa hakijachanika, springi hazijalegea, makochi ya siku hizi ni mepesi. Hoja zote ni za kweli. Mke alitaka robo. "Baba watoto, anayekuja kununua hajui lilinunuliwa vipi," alimwambia, na siku hiyo mazungumzo yakaishia hapo.

Wanaosoma tabia za watu kwenye fedha wana jina kwa alichokuwa nacho mume: athari ya umiliki, yaani kukiona kitu kina thamani zaidi kwa sababu tu ni chako. Richard Thaler alilielezea mwaka 1980. Jaribio linalotajwa zaidi lilichapishwa mwaka 1990 na Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Thaler mwenyewe. Wanafunzi nusu walipewa vikombe vya kawaida vya chuo, wengine hawakupewa, kisha soko likafunguliwa kati yao. Waliokuwa na kikombe mkononi walidai takriban mara mbili ya kile ambacho wasio nacho walikuwa tayari kutoa. Na hivyo ni vikombe walivyokuwa wamekaa navyo kwa dakika chache tu. Sasa fikiria kochi ambalo watoto wamejifunzia kusimama kwa kulishikilia.

Njia waliyoitumia baadaye kwa vitu vingine inafaa kuigwa: bei ipangwe na yule ambaye hakukinunua kitu hicho. Mke akapanga bei za vifaa vya mume, mume akapanga za vyombo vya mke. Kwa kochi walikuwa wamechelewa.

Wiki ya pili mtu alitoa nusu ya bei aliyoidai mume, yaani theluthi moja ya bei ya dukani. Mume akajibu: "Basi acha." Sioni kosa kukataa. Wiki 4 zilikuwa zimebaki, na mteja wa kwanza huwa anapima maji. Kilichowagharimu ni lile jibu. Lingekuwa "Kwa sasa bado, ila nikifika hapo nitakutafuta wewe kwanza", mtu yule angekuwa akiba yao. Mke alipomtafuta wiki ya tano alikuwa ameshanunua kochi jingine.

Na wiki ya tano hesabu ilikuwa imebadilika. Kitu kisichotakiwa kwenye nyumba mpya, siku ya kuhama kinakuwa na thamani iliyo chini ya sifuri, kwani unalipa watu wakitoe, unalipa gari likibebe, na pengine unalipa mahali pa kukitupa. Kwa hiyo ukiwa na tarehe ya mwisho, bei iteremke kwa ratiba iliyoandikwa siku ya kwanza, wakati akili bado imetulia. Mfano: wiki mbili bei kamili, wiki mbili zinazofuata pungufu kwa robo, wiki ya tano nusu, wiki ya sita anayekuja na gari anakichukua kitu kwa chochote alichonacho. Kochi liliondoka siku tatu kabla ya kuhama, kwa moja ya sita ya bei ya dukani. Mume hakuwepo nyumbani lilipobebwa, na mke anasema alipanga iwe hivyo.

Vitu vidogo vinavyokula jioni

Daftari linaonyesha kitu ambacho wao wenyewe hawakukiona hadi tulipolikalia pamoja. Vitu 7, yaani friji, mashine ya kufulia, meza na viti vyake, kitanda kikubwa, laptopu na simu mbili, vilileta zaidi ya robo tatu ya fedha yote. Vitu vidogo 6 vilivyouzwa kimoja kimoja, zikiwemo glasi, pasi, blenda na taa ya kusimama, vilikula zaidi ya nusu ya ujumbe wote uliojibiwa. Glasi peke yake zilipata waulizaji wengi kuliko friji. Mmoja aliomba picha ya sehemu ya chini ya kila glasi.

Taa ya kusimama ina kisa chake. Ilipata mteja wa mji mwingine aliyetaka isafirishwe. Taa na kofia yake pana vilipangwa kwenye boksi la sentimita 60 kwa 40 kwa 40. Uzito kwenye mizani haukufika kilo 4. Lakini kampuni nyingi za kusafirisha vifurushi hutoza pia kwa nafasi ambayo mzigo unaichukua: urefu mara upana mara kimo, kwa sentimita, kisha jibu ligawanywe kwa 5,000. Boksi lile linatoa 96,000, na ukigawanya unapata kilo 19.2. Anayesafirisha hulipa kwa uzito ulio mkubwa zaidi kati ya hiyo miwili. Nauli ilikaribia bei ya taa. Walikuwa wameshakubaliana bei "pamoja na usafiri", wakaona aibu kurudi nyuma, wakatuma. Kilichobaki hakikulipia hata karatasi ya kufungia. Pima boksi kabla ya kutaja bei, na kama kitu ni kikubwa na chepesi, kitangaze kwa watu wa karibu tu.

Baada ya taa, mke alibadili utaratibu. Alikaa sakafuni na kila kitu kilichobaki akakiuliza swali moja: fedha yake ingetosha kunilipa mimi kwa saa moja ya kujibu, kusubiri na kukutana na mteja? Visivyotosha vilipangwa katika mafungu matatu yanayoeleweka: vyombo vya jikoni, vitu vya kuchezea vya mtoto wa umri fulani, na vifaa vya mezani pa kazi. Vitu 11 viliondoka hivyo, kwa wateja watatu, kwa safari tatu za mlangoni. Tisa viligawiwa bure kwa majirani na ndugu. Mume alinung'unika kuhusu hivi tisa. Mimi naona ndiyo fedha rahisi kuliko zote waliyowahi kuikosa. Kama vingetengwa jioni ya kwanza, nadhani kochi lingepata nafasi ya kushughulikiwa mapema.

Mteja asiyeuliza kitu

Mashine ya kufulia ilipata mnunuzi siku ile ile tangazo lilipotoka, kwenye simu ya mume. "Kaka, nimeipenda, nalipia sasa hivi." Hakuuliza inabeba kilo ngapi, wala kama mlango wake uko juu au mbele. Yuko kazini mbali, alisema, dereva wake atakuja kuichukua. Baada ya dakika chache ukaingia ujumbe unaofanana kabisa na ule unaokuja fedha inapoingia, ila kiasi kilizidi bei kwa theluthi. Halafu simu: samahani sana, nimekosea kuandika, hiyo ziada mtumie dereva, ni ya mafuta.

Mume alikuwa ameshaandika namba ya dereva. Mke, aliyekuwa anakunja nguo, akauliza: "Umeangalia salio?" Salio lilikuwa lile lile la asubuhi.

Mtego huu hauna ufundi mwingi. Fedha yao ni maandishi tu, yako ni fedha kweli. Namna nyingine yake ni hundi, au malipo ya kadi iliyoibwa, ambapo salio huongezeka kabisa, kisha siku chache baadaye benki inayarudisha malipo huku ziada uliyotuma imeshaondoka. Kwa hiyo kuna kanuni mbili: fungua akaunti yako mwenyewe utazame, usiamini ujumbe wala picha ya muamala, na malipo yaliyozidi usiyarudishe wewe kwa njia nyingine, mwambie mlipaji ayabatilishe mwenyewe kwa benki au mtandao aliolipia. Dalili iliyokuwa wazi tangu mwanzo ni kwamba hakuwa na swali. Mnunuzi wa kweli wa mashine ya kufulia anataka kujua kama inavuja.

Wiki hiyo hiyo mwingine alimwandikia mke: "Dada, matapeli wamezidi. Nakutumia namba 6 kwenye simu yako, nisomee nihakikishe wewe ni mtu kweli." Namba hizo hutoka kwenye mtandao fulani ambao mtu huyo anajaribu kufungua akaunti kwa namba yako, au kuichukua akaunti uliyonayo. Mke hakujua hayo, alimnyima kwa sababu tu hakupenda jinsi alivyoandika. Inatosha.

Mashine iliuzwa siku ya nne kwa mama mmoja aliyekuja na fundi wake. Kilichomfurahisha fundi ni kwamba mume alikuwa ametunza boliti ndefu za kusafirishia, zile zinazolishikilia pipa la mashine lisitikisike njiani. Wengi huzitupa siku ya kwanza. Walipokuja kulikuwa na watu wazima wawili nyumbani na mashine ilikuwa imesogezwa karibu na mlango, wageni hawakupita vyumbani. Huo ukawa utaratibu wa vitu vyote vizito.

Vilivyotolewa kwenye orodha

Vitu vitatu mke aliviondoa sokoni, na vyote ni vya watoto. Kiti cha kumfungia mtoto kwenye gari kilikuwa kimepita tarehe ya mwisho wa matumizi iliyogongwa chini yake. Wengi hawajui kuwa viti vingi vya aina hii vina tarehe hiyo. Helmeti ya baiskeli mtoto aliwahi kuanguka nayo, na povu la ndani likishabonyea mara moja halikingi tena hata kama nje linang'aa. Cha tatu kilikuwa kitanda cha mtoto chenye ubavu unaoteremka. Marekani ilipiga marufuku kuuza vitanda vya namna hiyo, vipya kwa vilivyotumika, kuanzia Juni 2011, baada ya vifo vya watoto walionaswa ubavu ulipochomoka. Kwingineko sheria zinatofautiana, lakini kifaa ni kile kile. Walikifungua, mbao zikatumika kwa rafu. Hapa hakuna hesabu ya kupiga: kitu ambacho usingemwekea mwanao, usimuuzie mwana wa mwenzio.

Simu na laptopu zilihitaji usiku mmoja wa kazi. Kosa la kawaida ni kufuta picha na kuona umemaliza. Unatakiwa kwanza kuhamisha unachokihitaji, kisha uondoe akaunti yako kwenye kifaa, ndipo ukirudishe kwenye hali ya kiwandani. Ukiruka hatua ya kati, iPhone tangu 2013, na simu nyingi za Android tangu 2015, zitamdai mnunuzi nywila yako, na atakurudia akiamini umemuuzia simu ya wizi. Namba ya IMEI, yaani namba ya utambulisho wa simu, ile ya tarakimu 15 inayotokea ukibonyeza *#06#, mwonyeshe mnunuzi mkiwa pamoja ili aihakiki. Kwenye picha ya tangazo ifiche, maana wapo wanaoichukua na kuibandika kwenye simu nyingine. Diski ya laptopu ilifutwa kwa programu inayoandika juu ya data ya zamani, kwa kuwa kufuta kwa kawaida mara nyingi huacha mafaili yakiwa pale pale yakisubiri mtu mwenye subira.

Hesabu, na swali la mke

Fedha iliyopatikana ililipia gari la kuhamia na sehemu kubwa ya malipo ya awali. Walitarajia ibaki akiba. Haikubaki, na tofauti yote karibu ni kochi na taa.

Sasa mke anataka kuendelea. Amegundua kuwa kazi hii anaiweza, na anafikiria kununua vitu vya watu wengine, avisafishe, aviuze. Nimemwambia hilo ni jambo jingine kabisa. Kuuza friji lako kwa chini ya ulivyolinunua mara nyingi hakuhesabiwi kuwa kipato. Kununua ili uuze ni biashara, na serikali zinazidi kulifuatilia. Kwa mfano, katika Umoja wa Ulaya, tangu 2023 masoko ya mtandaoni yanatakiwa kupeleka kwa mamlaka za kodi taarifa za muuzaji wa bidhaa aliyefikisha mauzo 30, au aliyevuka euro 2,000, kwa mwaka. Angekuwa huko, wiki 6 zile tu zingemsogeza karibu na mstari huo.

Tatizo kubwa zaidi ni kwamba hatakuwa tena na faida aliyokuwa nayo safari hii. Friji lile alilijua tangu linunuliwe, hadi siku mpira ulipochanika. Friji atakalonunua kwa mtu asiyemjua, yeye ndiye atakuwa yule mzee anayepitisha kidole. Nilichomshauri ni awauzie majirani vitu vyao kwa kamisheni: hahitaji mtaji, vitu vinabaki kwao hadi vipate mteja, na mwenye kitu yupo pale pale wa kuulizwa. Masharti mawili tu, yaandikwe kabla picha ya kwanza haijapigwa. Mwenye kitu ataje kasoro zote na bei ya chini kabisa atakayoikubali, na aweke tarehe ambayo bei itaanza kuteremka bila yeye kupigiwa simu. Wawili wa kwanza wamekubali. Wa tatu, mwenye kabati la marehemu bibi yake, amesema bei yake haishuki, na mke amemwachia kabati lake kwa heshima zote.